Mtaa Mmoja, Hadithi Tatu: Nilivyojifunza Kuusoma Mji wa Berlin kwa Miguu

Ndugu msomaji, kabla sijasema lolote kuhusu Berlin naomba turudi kidogo shule ya msingi. Kipindi cha Historia, mada ya kuja kwa wakoloni. Mwalimu anafika kwa Chifu Mangungo wa Msovero na yule Mjerumani Carl Peters, na darasa zima linaangua kicheko. Mtu gani anakubali karatasi asiyoweza kuisoma? Mpaka leo hapa chuoni, mwenzetu akijaza fomu ya mkopo bila kuipitia tunamwambia, "Umesaini mkataba wa Mangungo." Mimi mwenyewe nimeisema hiyo mara nyingi tu.

Nilipopata nafasi ya kusoma semista moja Berlin, sikwenda kumtafuta Mangungo. Nilikwenda kusoma, na kusema kweli, kupiga picha. Lakini nilikutana naye huko, na tangu siku hiyo utani ule umenishinda. Makala hii ni somo la jinsi ya kutembea katika mji wa kihistoria ukaondoka na kitu kichwani. Nimeiandika hasa kwa wenzangu wa Historia na Utalii, ila hata wewe wa Uhandisi utapata chako.

Ziara ya mada ni kitu gani?

Jumamosi yangu ya kwanza nilifanya wanachofanya wageni wengi wasio na hela: nilipanda basi namba 100. Ni basi la kawaida la mji, linatoka upande wa Zoo kwenda Alexanderplatz, na njiani linapita Bunge na majengo mengi makubwa ya katikati. Nikapiga picha hadi simu ikaisha chaji. Jioni nikazituma nyumbani. Mdogo wangu akajibu kwa swali moja: "Hilo geti ni la nini?" Alikuwa anaulizia Lango la Brandenburg. Nilikuwa nimelipiga picha 14, na jibu sina.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kuona na kutazama. Mji kama Berlin, wenye watu zaidi ya milioni 3.5 na historia ya karne nyingi, hauwezi kuumeza kwa siku moja. Ziara ya mada inakupunguzia mzigo. Unachukua swali moja, unachagua vituo vichache vinavyolijibu, unatembea kwa miguu saa mbili au tatu. Wapo wanaofuata Ukuta wa Berlin, wanaofuata utawala wa Hitler, maisha ya Wayahudi, usanifu wa majengo, hata chakula.

Tahadhari ndogo kwa watu wa bumu: kuna ziara zinazotangazwa kuwa za bure. Bwana, hakuna cha bure. Mwishoni kila mtu anampa mwongoza watalii chochote alichonacho, na kwa wengi wao hiyo ndiyo riziki yao. Mara ya kwanza nilimpa euro 2 nikaondoka haraka. Baadaye nilipojua, niliona aibu.

Mtaa mmoja, hadithi tatu

Kama una siku moja tu Berlin, nenda Wilhelmstraße. Ni mtaa ulio karibu na Lango la Brandenburg, na zamani ndiko zilikokuwa ofisi kuu za serikali. Mimi niliupita mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara kwa mada tofauti, na kila mara ulikuwa kama mtaa mwingine kabisa.

Mara ya kwanza ilikuwa ziara ya utawala wa Hitler. Mwongoza watalii alitusimamisha mbele ya jengo kubwa la mawe ya kijivu, lililojengwa miaka ya 1935 na 1936 kuwa Wizara ya Anga ya Göring. Kisha tukaenda hatua chache hadi kwenye eneo la kuegesha magari. Chini ya hapo ndipo lilipokuwa handaki ambamo Hitler alijiua tarehe 30 Aprili 1945. Hakuna mnara, hakuna sanamu. Kuna ubao wa maelezo tu, na magari ya wakazi. Tukaambiwa hakuna anayetaka pageuke mahali pa kuhiji. Nikajifunza kwamba hata kutoweka alama ni uamuzi.

Mara ya pili ilikuwa ziara ya Ujerumani Mashariki. Tukasimama mbele ya jengo lilelile la kijivu! Sasa tukaambiwa kwamba humo ndimo Ujerumani Mashariki ilipotangazwa tarehe 7 Oktoba 1949, na nje yake wafanyakazi waliandamana Juni 1953, maandamano yakaenea, yakazimwa kwa vifaru vya Kisovyeti. Ni humo pia ambamo Juni 1961 kiongozi wao, Walter Ulbricht, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta. Miezi miwili baadaye ukuta ukajengwa. Leo jengo hilo ni Wizara ya Fedha.

Mara ya tatu ilikuwa ziara ya ukoloni. Safari hii hatukusimama kwenye jengo lile. Tulisimama mbele ya ubao wa kumbukumbu kando ya njia, ambao mara mbili za mwanzo niliupita bila hata kuutupia jicho. Karibu na hapo palikuwa namba 77, makazi ya Kansela Bismarck, ambamo ule Mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nchi 14 zilihudhuria, za Ulaya pamoja na Milki ya Uturuki na Marekani. Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Jengo lenyewe halipo tena.

Karatasi ya Mangungo

Mwongoza watalii akauliza, "Kuna mtu hapa anatoka nchi iliyoguswa na mkutano huu?" Nikanyoosha mkono. Akaniuliza kama namjua Carl Peters. Nikasema ndiyo, nikaeleza habari za Mangungo kama nilivyofundishwa, na mwishoni nikacheka kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka nami.

Akatueleza mambo mawili ambayo mimi, mwanafunzi wa Historia mwaka wa pili, sikuwa nimeyaunganisha.

La kwanza: wengi wetu tunadhani wale waheshimiwa walikaa na rula wakaikata Afrika mezani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Mkutano ulijadili hasa biashara kwenye mito ya Kongo na Niger, na ukaweka kanuni za mkoloni kudai eneo la pwani: awajulishe wenzake na aonyeshe kwamba analishikilia kweli. Kwa hiyo ulikuwa kama mkutano wa kuweka sheria za mchezo, huku wenye uwanja wakiwa hawana habari kwamba kuna mchezo.

La pili lilinigusa zaidi. Peters alizunguka Usagara na jirani zake Novemba na Desemba 1884, wakati mkutano unaendelea Berlin. Akakusanya karatasi zake, akarudi nazo Berlin Februari 1885. Mkutano ukafungwa tarehe 26. Kesho yake, tarehe 27, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters na maeneo yale.

Sasa tafakari. Karatasi ile iliandikwa Kijerumani. Haikuandikwa ili Mangungo aielewe. Iliandikwa ili isomwe pale nilipokuwa nimesimama, na watu waliokuwa wanatafuta sababu. Hata kama Mangungo angekuwa na shahada tatu, Peters angepata alama kwenye karatasi nyingine kwa mwingine, au angeichora mwenyewe. Sisi tumemcheka aliyetapeliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na tapeli tumemwacha apite. Usiku ule sikulala vizuri.

Na Peters mwenyewe? Mwaka 1897 serikali yake ilimfukuza kazi kwa ukatili wake kule Kilimanjaro, ambako alinyonga Waafrika. Huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Utawala wa Hitler ukaja kumsafisha, ukamfanya shujaa.

Jiwe la Brunnenstraße

Ziara ya Ukuta ndiyo inayopendwa na wageni wengi, na inastahili. Nenda Bernauer Straße, ambako kipande cha ukuta kimehifadhiwa. Mtaa huu nyumba zake za upande mmoja zilikuwa Berlin Mashariki na njia ya waendao kwa miguu mbele ya mlango ilikuwa Berlin Magharibi. Tarehe 13 Agosti 1961 mpaka ulipofungwa, watu waliruka madirishani kuukimbilia upande wa pili. Watu wasiopungua 140 walikufa kwa sababu ya ukuta huo hadi ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mwongoza watalii wetu alieleza vizuri mno.

Ziara ilipoisha nikashuka Brunnenstraße kwa miguu kuelekea Rosenthaler Platz kupanda treni. Njiani, mbele ya namba 193, nikaona ardhini kibamba cha shaba kimechomekwa kati ya mawe ya njia. Hivi vibamba vipo kila mahali Berlin. Wajerumani wanaviita mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha, na sasa vimepita 100,000 Ulaya nzima. Kila kimoja kina upana wa sentimita 10, kinawekwa mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeteswa na utawala wa Hitler. Ili usome, lazima uiname.

Nikainama. Nikasoma jina ambalo ungeweza kuliita pale Kariakoo wakageuka watu kumi: Mohamed Husen.

Jioni nikatafuta habari zake. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye akaingia jeshini akiwa mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akafika Berlin, akaenda serikalini kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki. Alihudumu kwenye mgahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu. Moja ya filamu hizo, ya mwaka 1941, ilimsifu nani? Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Toka Bernauer Straße hadi kwenye jiwe lile ni mwendo wa dakika chache. Ziara yetu haikumtaja. Silaumu; mada yao ilikuwa Ukuta. Lakini ndilo somo langu kubwa: mada ni kama tochi. Inapomulika unaona vizuri, na palepale pembeni giza linazidi. Usitembee na tochi moja tu.

Mjusi wa Tendaguru

Mimi ni mtu wa Lindi, kwa hiyo kuna mahali pamoja nilikwenda peke yangu, bila kundi: Makumbusho ya Historia ya Asili, Invalidenstraße. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza, yupo. Mjusi wetu. Mifupa yake imesimamishwa, kimo mita 13.27, na ndiye dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa kwenye makumbusho duniani.

Alichimbwa Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini yote na njaa. Mifupa ya zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi. Nikakaa kwenye benchi nikimtazama mjusi, nikawa nafikiria shingo za watu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Boheti: Australodocus bohetii. Nimekua Lindi, nimesoma Lindi, na jina hilo nilikutana nalo nikiwa Berlin.

Zamu yangu ilipofika

Mhadhiri wetu wa kule alitupa kazi: kila mmoja aandae ziara ya mada na awaongoze wenzake. Nikachagua Berlin ya Waafrika Mashariki. Nikaweka vituo 11! Nilitaka kuonyesha kwamba nimesoma.

Ilikuwa aibu. Mvua ya baridi, vituo viko mbalimbali, tunapanda treni tunashuka, mimi nasoma karatasi kwa sauti. Tulipofika Chuo Kikuu cha Humboldt nikawaeleza kwamba Kiswahili kilianza kufundishwa hapo mwaka 1887, na kwamba Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, alikuja kukifundisha mwaka 1900. Habari tamu hizo, lakini nilizisoma kama anayesoma orodha ya waliodisko. Kituo cha tano, wenzangu watatu walikuwa wamekwisha kupotea. Mwenzetu mmoja kutoka Namibia akaniambia bila kunificha, "Ndugu yangu, unatusomea kamusi."

Nikakunja karatasi. Nikafuta vituo vilivyobaki, nikawapeleka kimoja tu: ule mtaa wa Wedding unaoitwa Mtaa wa Kiafrika, kwa sababu barabara zake zina majina ya Togo, Kamerun, Tanga, Usambara. Ipo hata Sansibarstraße, ingawa Zanzibar haikuwahi kuwa koloni la Wajerumani. Hapo kuna barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 wakasema sasa ni Peters mwingine, mwanasiasa aliyempinga Hitler, na kibao kikabaki vilevile. Wakazi na wanaharakati wakabishana miaka na miaka. Hatimaye Agosti 2024 barabara ikagawanywa majina mawili: Maji-Maji-Allee na Anna-Mungunda-Allee.

Tukasimama chini ya kibao. Nikawaambia habari za Mangungo, na kwamba tulimcheka, na kwamba mimi nilimcheka hata Wilhelmstraße. Sikuwa na karatasi. Nilipomaliza, yule wa Namibia akasema, "Sasa twende upande wangu." Tukatembea hadi kibao cha pili, akatueleza habari za Anna Mungunda, aliyeuawa Windhoek tarehe 10 Desemba 1959 watu walipogoma kuhamishwa makwao kwa nguvu. Binti mmoja wa Kijerumani, ambaye amekulia Berlin hiyohiyo, akasema hajawahi kulisikia jina hata moja kati ya haya. Tukabaki pale mvuani tukiongea karibu nusu saa. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yenyewe.

Ukitaka kuandaa ya kwako

Haya nimeyalipia kwa aibu, wewe yachukue bure.

1. Anza na swali, usianze na orodha ya majengo. "Nani alilipa gharama?" ni swali. "Majengo ya zamani" si swali.

2. Vituo vitano hadi saba vinatosha. Mwendo wote usizidi kilomita tatu hivi.

3. Kila kituo kiwe na kitu cha kuoneshea kidole: mlango, kibao, jiwe, hata uwanja mtupu. Ukiwa huna cha kuonyesha, hadithi hiyo iweke njiani mkiwa mnatembea.

4. Kila kituo kiwe na mtu mmoja mwenye jina. Watu husahau tarehe. Mohamed Husen hawamsahau.

5. Hakikisha habari yako kwa vyanzo viwili. Kama huna uhakika, iache.

6. Mwisho waambie ulichokiacha, ili wajue tochi yako ilimulika wapi.

7. Malizieni mahali pa kukaa, na uwaache waongee. Wewe nyamaza.

Na hapa nyumbani?

Niliporudi nilipanda daladala hadi Posta, nikashuka kwenye Sanamu ya Askari. Nimepita pale mara mia, sijawahi kusimama. Sanamu hiyo imekuwapo tangu 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu yao Dar es Salaam, ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa pwani na kumnyonga Abushiri kule Pangani Desemba 1889. Waingereza waliing'oa baada ya vita, ikaishia Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Mwaka 1968 nani waliiangusha? Wanafunzi wa chuo hicho. Na mwaka 2021 barabara moja ya Berlin iliyokuwa na jina la Wissmann ikapewa jina la Lucy Lameck wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika madaraka katika serikali yetu. Yaani uzi ule niliouanza Wilhelmstraße unapita Posta, pale tunapogombania daladala za Mwenge.

Kwa hiyo nimeandaa ziara. Vituo sita, saa mbili, mwendo wa miguu, mada: "Nani alilipa gharama?" Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, saa 3 asubuhi, tukutane kwenye Sanamu ya Askari. Nauli juu yako, maji ya kunywa juu yako. Karatasi ya kusaini haipo. Na atakayemcheka Mangungo atatueleza kwanza yeye angefanya nini.